Chupa mbili dirishani

Jumamosi usiku, Novemba

Leo nimerudi kutoka matembezi ya darasa sauti ikiwa nzima. Siku zote narudi koo limekauka kwa "tulieni!", "andikeni!", "wewe huko nyuma!"

Safari ya Gombe ya mwaka juzi bado inanikera. Wazazi walichanga, tukapanda boti Kibirizi, nami nimewabebesha karatasi ya maswali 25. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika lini? 1960. Hifadhi ya taifa ilianzishwa lini? 1968. Sokwe mmoja akapita na mtoto mgongoni, nusu ya darasa wameinamia karatasi wananakiliana. Mhifadhi alinitazama tu. Majibu walipata yote, ila yalikuwa kwenye madaftari yao kabla hatujaondoka mjini.

Leo hatukwenda mbali. Darasa la sita, watoto 31, kwa miguu hadi ufukweni, pale mfereji wa kutoka mlimani unapomwaga maji ziwani. Usiku mvua ilinyesha kweli kweli. Maji ya mfereji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yakaingia Tanganyika kama ulimi mwekundu, halafu ghafla buluu. Nilikuwa na chupa mbili tupu na swali moja: kwa nini? Nikakalia mtumbwi uliopinduliwa, nikanyamaza. Kunyamaza kwa mwalimu ni kazi, asikudanganye mtu. Mwanzoni walirushiana mchanga, nusura nisimame.

Kijana mmoja, ambaye darasani humsikii kabisa, akajaza chupa moja mferejini, akaingia ziwani hadi kiunoni kujaza ya pili (hapo moyo ulinidunda, nikamrudisha). Akazisimamisha mchangani. Wenzake wakasogea. Ile ya mferejini ikaanza kutuama: kwanza chembe nene, kisha vumbi laini likishuka polepole. Wakainua macho mlimani. Mihogo imelimwa moja kwa moja kuteremka mteremko, juu visiki. Mmoja akasema ni kuni za kukaushia samaki, migebuka, mwingine akasema mkaa, wakabishana. Mtoto wa mvuvi akaeleza kuwa samaki wa kwenye mawe hula ule ukijani unaoota juu ya mawe, udongo ukiufunika wanahama. Hilo sikuwafundisha mimi. Neno "mmomonyoko" lilikuwa limenijaa mdomoni, nikalizuia mpaka waliponiuliza, "Madam, hii kitu inaitwaje?" Nikalitoa. Sijawahi kuona neno likipokelewa hivyo.

Halafu binti mmoja, mama yake muuza dagaa, akauliza. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa, uvuvi ukasimamishwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane, na nyumbani kwao miezi hiyo waliishi kwa maandazi. "Sasa mbona ziwa lilifungwa na mlima haukufungwa?"

Sikuwa na jibu. Mzee aliyekuwa akishona nyavu pembeni akacheka, "Huyo mpelekeni bungeni."

Ofisini wanataka ripoti, ukurasa mmoja, sehemu ya "malengo yaliyofikiwa". Nimeifungua mara tatu, nimeandika tarehe.

Chupa nimezileta nyumbani, darasani zingemwagwa kabla ya Jumatatu. Zipo dirishani jikoni. Ya mferejini imeshatulia, udongo chini unene wa kidole. Mume wangu ameitazama, akaniuliza ni dawa ya nini na inanywewa mara ngapi.