Pingamizi limehama kiwanjani, limehamia kwenye ramani

Kwa zaidi ya miaka 50, sheria ya California ya tathmini ya athari kwa mazingira, iliyotiwa saini na Gavana Ronald Reagan mwaka 1970, imempa jirani mwenye wakili uwezo wa kuukwamisha mradi wa nyumba mahakamani, hata pale ambapo kinachomuudhi hasa ni kivuli cha ghorofa au uhaba wa maegesho. Katika mji wa Berkeley, mwaka 2023, mahakama ya rufaa iliamua kwamba Chuo Kikuu cha California kilipaswa kuchunguza kelele za sherehe za wanafunzi ambao hata mabweni yao katika bustani ya People's Park yalikuwa hayajajengwa. Bunge la jimbo likatunga sheria ya kueleza kwamba kelele za wakaaji wa nyumba hazihesabiwi kuwa athari kwa mazingira, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya California ikakipa chuo ushindi.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitiwa saini na Gavana Gavin Newsom tarehe 30 Juni 2025. Nyumba zinazojengwa ndani ya mji, kwenye kiwanja kisichozidi ekari 20, zinasamehewa tathmini hiyo iwapo zinaafikiana na mpango wa matumizi ya ardhi na kutimiza masharti mengine. Wanaolalamika kwamba mazingira yametelekezwa nadhani hawajafika kwenye vifungu vya ndani: udongo sharti ukaguliwe kama una sumu, na jengo lililo ndani ya futi 500 kutoka barabara kuu ya magari ya kasi sharti lichuje hewa yake, wala lisiwe na roshani inayotazama barabara hiyo. Mpangaji atanufaika na kichujio hicho kuliko ripoti ya mamia ya kurasa ambayo asingeisoma kamwe.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Siku hiyo hiyo msamaha ulitolewa pia kwa ubadilishaji wa matumizi ya viwanja unaotekeleza mpango wa makazi wa mji, kwa hiyo anayengoja kibao cha ujenzi kisimamishwe ndipo aulize habari za maji taka na mabasi atakuwa amechelewa kwa miaka. Mtaa upi upokee ghorofa huamuliwa halmashauri inapoandika mpango huo, ambao katika miji mingi huhuishwa kila baada ya miaka 8. Baada ya hapo, afisa wa mipango miji hubakiwa zaidi na vigezo vya kupima kwa rula, yaani kimo, idadi ya nyumba na umbali kutoka mpaka wa kiwanja.