Siku Tuliyotoboa Nyayo za Tangi

Kiunzi cha tangi la maji kilikuwa kimeshachomelewa. Zilibaki nyayo zake: pleti nne za chuma cha kawaida zenye unene wa milimita 8, kila moja ikihitaji matundu manne ya bolti za M8, yaani zenye kipenyo cha milimita 8. Ilibaki pia mikanda miwili ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, unene milimita 4, ya kulishika tangi lisitikisike. Mashine ya kutobolea ya kusimama hatukuwa nayo. Kazi yote ilikuwa ya drili ya mkononi, pale pale nyumbani, na aliyeongoza ni mjomba. Mimi nilidondosha mafuta na kubadilisha biti, yaani vile vyuma vya kutobolea.

Bolti ya M8 hutobolewa tundu la milimita 9. Ukitoboa 8 kamili, matundu manne hayatalingana na ya chini hata ukipima vipi, na utaishia kupanua kwa tupa. Tulichora mistari kwa msumari ulionolewa, kwa sababu mstari wa chaki peke yake una upana wa karibu milimita mbili. Mistari ilipokatana, mjomba aliweka panchi, kipande cha chuma chenye ncha cha kutia kishimo, akagonga kidogo, akainama kutazama, kisha akagonga kwa nguvu. Kishimo kile ni cha lazima. Sehemu ya katikati kabisa ya ncha ya biti haikati, inasukuma tu. Isipopata pa kutulia inatembea juu ya pleti.

Ndiyo sababu pia tulianza na biti ya milimita 3, tukamalizia na ya 9. Tundu dogo linaondoa kazi pale ambapo biti kubwa haina makali, na nguvu inayohitajika inapungua mno. Hatukupitia 5 wala 7. Hatua nyingi hazisaidii: biti inayofuata hushika kwa pembe za makali yake tu, na pembe hizo ndizo zinazokatika kwanza.

Mwendo ndiyo jambo ambalo wengi hawalijali. Kwa chuma cha kawaida, gawanya 8,000 kwa kipenyo cha biti kwa milimita. Jibu ni mizunguko kwa dakika. Biti ya 9 inataka karibu 890, ya 3 inataka zaidi ya 2,600. Kwa hiyo biti ndogo tuliizungusha kwa gia ya pili, kubwa kwa gia ya kwanza. Mafuta yalikuwa matone machache kila baada ya muda. Maranda yalitoka marefu, yamejikunja, mawili kwa pamoja, moja kila upande wa biti. Yakitoka upande mmoja tu, biti imenolewa vibaya.

Kila pleti ilibanwa kwa klampu mbili juu ya ubao mnene. Glavu mjomba hakuvaa hata mara moja, ila miwani ya kinga haikutoka machoni: glavu ikinaswa na biti inauvuta mkono mzima. Karibu na kutokea upande wa pili alipunguza kusukuma, maana hapo ndipo biti hung'ata ukingo uliobaki na kutaka kuizungusha pleti, na ikishindwa, huzungusha drili pamoja na kifundo cha mkono wako.

Pleti hazikutusumbua. Stenlesi ndiyo iliyokula muda.

Mkanda mmoja ulitufikia ukiwa na tundu lililoachwa nusu na mtu mwingine. Mjomba alilifuta kwa kitambaa, akaniita nione. Chini palikuwa panang'aa kama kioo, pembeni kuna rangi ya samawati.

"Hapa hapakukatwa," alisema. "Palisuguliwa."

Stenlesi ikisuguliwa bila kukatwa inazidi kuwa ngumu, na joto linabaki pale pale kwa sababu haipitishi joto vizuri. Biti ya kawaida ikifika kwenye ngozi ile inateleza, inapata moto, inapoteza makali, na ukiongeza mwendo unaharibu zaidi. Tundu lile hakulirudia kwa juu. Aliugeuza mkanda, akapima upya, akapiga panchi nyuma, akaanza upande ambao chuma chake kilikuwa bado laini.

Biti alibadilisha: ya kobalti, yenye ncha ya nyuzi 135, ambayo ni butu kuliko ile ya kawaida ya 118. Kwa stenlesi aligawanya 3,200 badala ya 8,000, kwa hiyo biti ya 9 ilizunguka karibu 350 tu, polepole kiasi cha kuona mifereji yake. Alisukuma kwa uzito wa mwili, na mafuta yalikuwa ya kukatia chuma, si ya injini.

"Usikipapase chuma," aliniambia aliponipa drili. "Ukikigusa, kikate. Ukichoka, nyanyua kabisa."

Nguvu hiyo lazima iende wima. Kobalti inastahimili moto, lakini ukiilaza kidogo inavunjika.

Mwishoni tulitoa kingo kali za kila tundu, pande zote mbili, kwa kuzungusha biti ya milimita 14 kwa mkono. Kingo hizo zikiachwa, pleti haikai bapa na nati hulegea baadaye. Matundu mawili ya pleti ya mwisho yalipimwa yakawa na milimita 9.4. Mjomba alichukua biti iliyoyatoboa, akaiinua kwenye mwanga: ukingo mmoja wa kukatia ulikuwa mrefu kuliko mwingine. Biti ya namna hiyo inazunguka nje ya kitovu chake na tundu lazima liwe kubwa. Aliinoa kwenye jiwe, pembe sawa pande zote mbili, akaijaribu kwenye kipande cha pleti kilichobaki. Maranda yalitoka mawili.