Mama Hart na lile taulo

Mama hakuwa mtu wa mieleka. Mpira aliuvumilia, taarifa ya habari aliidai kama haki yake, lakini wanaume wazima kuvaa chupi za kubana na kubwagana chini aliuita wendawazimu wa kulipwa. Kanda ikiingizwa tu kwenye deki, yeye ananyanyuka anakwenda zake. Ndiyo maana jioni ile naikumbuka kuliko pambano lolote nililowahi kutazama. Alikaa. Alikuwa na nguo ya kushona mapajani, taa ya sebuleni ilikuwa na mwanga mzuri kuliko ya chumbani kwake, na kaka yangu alikuwa ameshabonyeza kitufe.

Kanda yenyewe ilikuwa ya Survivor Series, onyesho la mieleka la Marekani, usiku wa Novemba 23, 1994, San Antonio, Texas. Ilitufikia mwaka uliofuata kupitia kwa mjomba aliyekuwa akirudi safari. Kwa kuwa ilirekodiwa kwa mfumo wa Marekani, haikupatana na vyombo vyetu: sauti ilitoka safi, picha ikatoka bila rangi. Kwa hiyo Bret Hart, ambaye dunia nzima ilimjua kwa pinki na nyeusi, kwetu alikuwa kijivu na nyeusi. Kaka alilichukulia jambo hilo kama kuvunjiwa heshima, akawa anamsaidia Mama kuona. "Hapo ni pinki, Mama. Na hapo pembeni pia pinki."

Mama hakuinua macho kwenye sindano. "Mwanamume?"

Ikabidi kaka aeleze mwanamume huyo ni nani, na kumweleza Bret bila kuwaeleza waliomzaa haiwezekani. Alimtajia Mama ukoo ule kama mshenga aliyetumwa kuposa. Baba mtu ni Stu Hart wa Calgary, Kanada, mwanamieleka aliyeanza kuandaa mapambano yake mwenyewe mwaka 1948, biashara ambayo baadaye ilikuja kujulikana kama Stampede Wrestling. Chini ya nyumba yake kuna chumba cha mazoezi wanachokiita Dungeon, na humo mzee huwafunga vijana kabali mpaka walie, ndiyo darasa lenyewe. Watoto ni kumi na wawili. Wavulana wanane, na wote wanane wameingia kwenye mieleka kwa njia moja au nyingine. Wasichana wanne, na wote wanne wameolewa na wanamieleka.

Sindano ikasimama. "Wote wanne?"

"Wote. Jim Neidhart huyu ni shemeji. Davey Boy Smith yule ni shemeji."

"Na mama yao alisemaje?"

Kaka hakuwa na jibu. Alijua uzito wa kila mtu aliyewahi kupanda ulingoni, lakini habari za mama mtu alikuwa hajazisoma popote. Nimezisoma mimi baadaye: Helen, msichana wa New York aliyefuata mume Kanada, ndiye aliyeshika hesabu za ile kampuni ya mieleka huku mieleka yenyewe haipendi. Laiti ningelijua hilo jioni ile ningemwambia Mama. Wangeelewana.

Ugomvi uliokuwa ukiendelea ulikuwa wa ndugu wawili. Bret ni mtoto wa nane, Owen ni kitinda mimba, na Owen alikuwa amechoka kuitwa mdogo wake Bret. Januari 1994 walishindwa pambano la timu ya wawili, na Owen akampiga kaka yake teke la mguu, mguu uleule ulioumia. Machi 20, kwenye onyesho kubwa la WrestleMania ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, New York, alimbana mabega kwa hesabu ya tatu, ushindi halali kabisa. Lakini usiku uleule Bret akarudi ulingoni, akamwangusha Yokozuna na kuchukua mkanda wa ubingwa, na Owen akabaki kusimama njiani akitazama kaka yake akibebwa. Mimi ni kitinda mimba pia. Kaka yangu alikuwa upande wa steringi. Mimi, bila kumwambia mtu, nilikuwa upande wa adui.

Mpinzani wa Bret jioni ile hakuwa Owen bali Bob Backlund, mzee wa miaka 45. Kwa nini taulo? Backlund aliwahi kuwa bingwa tangu 1978, na Desemba 1983 aliupoteza mkanda kwa Iron Sheik bila yeye kukubali kushindwa: alikuwa amekabwa, na meneja wake ndiye aliyerusha taulo. Zaidi ya miaka kumi baadaye akarudi akiwa na hilo kifuani, anaongea misamiati mikubwa, anafoka, anadai bado ni bingwa. Basi masharti ya pambano yakawa hayo. Hakuna kubana mabega, hakuna kusema nimeshindwa. Kila mmoja ana mtu wake pembeni ameshika taulo, na pambano linakwisha taulo likirushwa. Upande wa Bret alisimama shemeji, Davey Boy Smith. Upande wa Backlund alisimama Owen. Na mstari wa mbele, kwenye viti vya watazamaji, walikaa Stu na Helen.

"Ndiye huyo?" Mama akauliza. Alikuwa ameacha kushona kabisa.

Ndiye. Mwanamke mfupi, nywele zimetengenezwa, mume wake mkubwa mara mbili yake pembeni.

Sehemu kubwa ya pambano siwezi kulisifia. Ni refu, linakwenda taratibu, na leo mtoto aliyezoea watu kuruka kutoka juu ya kamba angelala. Kilichokuja baada ya hapo ndicho. Owen alijipenyeza akamshambulia Bret, Davey Boy akamfukuza kuzunguka ulingo, Owen akakwepa, na shemeji akaingia kichwakichwa kwenye ngazi za chuma. Akalala pale hajitambui, na taulo la Bret halina mwenyewe. Hapohapo Backlund akampata Bret: mkono mmoja wa Bret umekunjwa nyuma ya mgongo, mkono mwingine wa Backlund umepita usoni kwake, vidole vya Backlund vimekutana na kufungana. Ukikaa hivyo huendi popote.

Dakika zikapita. Refa ana kazi ya kutazama tu. Bret anajaribu kufika kwenye kamba, anarudishwa chini. Na Owen, aliyeyaanza yote, akabadilika. Akamtazama shemeji aliyelala, akashika kichwa, akaanza kulia. Akawafuata wazazi wake. Hatukusikia kila neno kwa zile kelele, lakini mikono yake ilisema yote: nimekosea, mwokoeni kaka, rusheni taulo. Stu akakataa. Mzee alitikisa kichwa na kukaza uso. Yeye ndiye aliyewafunza wanawe kuvumilia kabali kule chini ya nyumba, aje kumtoa mmoja mbele ya umati?

Helen akalichukua taulo. Stu akajaribu kumzuia. Akalirusha.

Sekunde ileile machozi ya Owen yakakauka. Akaruka juu, akacheka, akakimbia kuelekea vyumbani akiwa ameinua mikono, na Backlund akawa bingwa.

Kaka alipiga mto wa kiti ngumi. Aliwatukana wote, Owen, Backlund, refa, hata Davey Boy aliyezimia. Mama alisubiri amalize.

"Ningekuwa mimi," akasema, "ningelirusha zamani."

"Lakini amedanganywa, Mama! Hukuona? Alikuwa analia uongo!"

"Niliona."

"Sasa?"

"Mtoto amemzaa mwenyewe, asijue kilio chake cha uongo?"

Kaka alirudisha kanda nyuma. Tukatazama tena, safari hii hakuna aliyetazama ulingo. Tulitafuta uso wa Helen Hart kwenye picha ile ya kijivu, nao haukukaa muda mrefu kwenye kioo, kwa sababu mpiga picha alikuwa na mambo mengine ya kuonyesha. Kaka akasema, unaona, hapo anamwamini. Mama akasema hamwangalii hata. Na kweli, mara mbili au tatu Owen anamsemesha na macho ya mama yake yako kwa Bret.

"Yule mzee anafikiria mkanda," Mama akasema. "Huyu anafikiria mkono wa mwanawe."

"Kwa hiyo alijua akarusha tu?"

"Wewe ukikunjwa hivyo, na huyu," akaninyooshea kidole mimi, "akija kunililia machozi ya mamba, unataka nikae nikichunguza machozi?"

Tulijua mieleka hupangwa. Kaka alikuwa na umri wa kulijua hilo ingawa hakupenda litajwe. Kuna mtu aliketi akaamua kwamba Owen atalia, Stu atakataa, mama atarusha. Nina hakika alitaka tumwone bibi mwema aliyelaghaiwa. Lakini Helen hakuwa mwigizaji, hakufundishwa kutoa sura ya aliyedanganywa, na kwenye pengo hilo Mama aliona mtu anayemfahamu. Sijui mtazamaji mwingine aliyeisoma hadithi ile hivyo. Kwangu imekuwa tamu zaidi kuliko ile iliyokusudiwa, na nadhani ndiyo faida ya ukoo mzima kupanda ulingoni: wanaleta nyumba yao, na nyumba haiwezi kupangwa yote.

Backlund mwenyewe hakukaa nao ubingwa. Siku tatu baadaye, Madison Square Garden, mwanamieleka aitwaye Diesel alimmaliza kwa sekunde 8. Kaka alipopata habari hizo alinuna kama aliyeibiwa, maana Bret alikuwa ameteswa zaidi ya nusu saa kwa ajili ya bingwa wa siku tatu. Mama alicheka mpaka akafuta macho.

Mei 23, 1999, Kansas City, Owen alikuwa akishushwa kwa kamba kutoka darini kuja ulingoni, akaanguka, akafa. Alikuwa na miaka 34. Wakati huo kaka hakuwa akiishi nyumbani tena. Alipiga simu, na nilipopokea sikumwelewa, nikamuuliza kama ni sehemu ya hadithi. Akasema hapana, wametangaza wenyewe kwenye televisheni kwamba si sehemu ya onyesho.

Nilimkuta Mama chumbani. Jina la Owen halikumwambia kitu, mpaka nilipomwambia ni yule mtoto aliyelia uongo.

"Mama yake yu hai?"

"Yu hai."

Akanyamaza kidogo. Baadaye akauliza, "Na kaka yake, yule aliyekunjwa mkono, alikuwepo?"

Nikamwambia Bret alikuwa ameshahamia kampuni nyingine, hawakuwa pamoja tena.

"Mpigie kaka yako."

"Ndiye aliyenipigia sasa hivi, Mama."

"Mpigie tena."

Nikampigia. Hatukuwa na jipya la kuambiana kuhusu Kansas City, tukajikuta tumerudi San Antonio, yeye akishikilia kwamba Helen alidanganywa kama watu wote tuliokuwa tukitazama, mimi nikimwambia arudishe kanda.