Jakuzi ya nje wakati wa theluji: maji yasisimame, mvuke usitoke

Watu wengi hufunga jakuzi yao mara theluji inapoanza kuanguka, wakihofia kwamba baridi itaipasua. Baridi peke yake haiipasui. Jakuzi iliyojaa maji ya nyuzi 38, pampu ikifanya kazi na kifuniko kikiwa kimekaa sawasawa, huvuka usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri bila tatizo. Kinachopasua ni maji yaliyosimama ndani ya bomba jembamba. Yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na plastiki ya pampu na maungio yake haina uwezo wa kutanuka nayo. Kwa hiyo ukijali mambo mawili, maji kuzunguka na joto kutotoroka kwa juu, mengine yote ni rahisi.

Badilisha maji wiki chache kabla ya baridi kali kuingia. Kwa kawaida maji hudumu miezi 3 hadi 4, hivyo ukiyabadilisha mapema hutalazimika kumwaga jakuzi katikati ya barafu, saa ambayo kila bomba tupu ni hatari. Kabla ya kumwaga, tia dawa ya kusafishia mabomba kwenye yale maji ya zamani na uwashe pampu zote kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Ndani ya mabomba hujengeka utando wa utelezi, na bakteria waliojificha humo klorini huwafikia kwa shida sana. Ukijaza maji mapya juu ya utando huo, utahangaika na dawa msimu mzima.

Wakati wa kujaza, ingiza mpira wa maji kwenye tundu la chujio, usimwage tu katikati, ili maji yasukume hewa itoke mabombani. Ukiwasha na pampu ikavuma bila kusukuma kitu, hewa imenasa. Zima umeme kwenye swichi kuu, fungua kabati la pembeni, kisha legeza kwa mkono yunioni (kiungio cha bomba kinachofunguliwa kwa kuzungushwa) iliyo juu ya pampu, nusu mzunguko tu. Utasikia hewa ikifyonya, yatafuata matone, halafu uzi mwembamba wa maji. Hapo hapo kaza tena. Usiifungue yote, maana utabaki na pete ya mpira ya kuzibia sakafuni na maji yanakumwagikia.

Sasa kifuniko, ambacho kwa maoni yangu ni kifaa muhimu kuliko hita yenyewe. Fikiria hesabu hii. Kupandisha lita 1,200 za maji kwa nyuzi 1 kunahitaji karibu kilowati-saa 1.4. Kutoka nyuzi 8 za maji ya bomba hadi 38 ni kilowati-saa 42, yaani saa 14 kwa hita ya kilowati 3, bila kuhesabu joto linalopotea njiani. Upande wa pili, kila lita 1 inayopaa kama mvuke huondoka na takriban kilowati-saa 0.67, na jakuzi nzima inapoa karibu nusu nyuzi. Lita chache tu zikipenya kwenye ufa wa kifuniko, hita inakesha.

Kukikagua hakuhitaji chombo chochote. Toka nje asubuhi yenye baridi, kabla jua halijapiga, ukitazame. Kikiwa kizima, umande ulioganda au theluji nyembamba imetanda juu yake sawasawa, kama sehemu nyingine za bustani. Kikiwa na kasoro, utaona mstari wa vinyl (plastiki laini ya juu ya kifuniko) iliyolowa kwenye mkunjo wa katikati ambako theluji imeyeyuka, na ukisogea karibu utaona uzi wa mvuke unatoka kwenye pembe moja. Mara nyingi dawa yake ni ndogo: mikanda imelegea, au sponji ya kuziba mkunjo imechanika. Lakini kifuniko ulichokuwa ukikiinua kwa mkono mmoja kikianza kuhitaji watu wawili, sponji ya ndani imenyonya maji. Mvuke umepenya kwenye nailoni inayoifunika, na sponji iliyolowa haizuii joto tena. Usijisumbue kuikausha, agiza kifuniko kingine. Blanketi jembamba la kuelea juu ya maji, chini ya kifuniko, huongeza umri wake sana kwa sababu hupunguza mvuke unaokipiga kila saa.

Theluji iondolewe kwa ufagio laini. Koleo la chuma hukata vinyl, na maji ya moto ukiyamwaga huganda upya kwenye mkunjo. Pindo likishikwa na barafu, ligonge taratibu kwa kiganja hadi barafu ivunjike. Ukilivuta kwa nguvu, utang'oa mshono.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulisahau: vile vitasa vya kufungulia hewa vinavyofanya maji yatoke kwa povu. Vikiachwa wazi, pampu inavuta hewa ya baridi kali na kuichanganya na maji yako kila inapozunguka. Maji yanapoa, na hewa hiyo hufukuza kaboni dioksidi iliyomo, ndiyo maana pH (kipimo cha asidi ya maji) hupanda bila wewe kutia chochote. Vifunge vyote ukimaliza kuoga.

Kuhusu dawa, pima kabla ya kuingia, si baada. Klorini iwe miligramu 3 hadi 5 kwa lita, au bromini 4 hadi 8; pH kati ya 7.2 na 7.8; kiwango cha alkali kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita. Rekebisha alkali kwanza, ndipo pH itatulia. Ukitumia unga wa dikloro, aina ya klorini, ule wenye klorini asilimia 56, gramu 10 kwa lita 1,000 huongeza klorini kwa karibu miligramu 5.6 kwa lita, kwa hiyo mizani ndogo ya jikoni ni bora kuliko kukisia kwa kifuniko cha chupa. Vidonge vya trikloro vya mabwawa ya kuogelea usivitumie humu: vina asidi kali, na maji haya ni machache. Unga wa klorini na wa bromini, au aina mbili za klorini, usizichanganye kamwe zikiwa kavu. Ukishatia dawa, washa pampu na uache kifuniko wazi dakika 15 au 20, hata kama baridi inauma, kwani gesi ikifungiwa ndani hula upande wa chini wa kifuniko na mito ya kuegemea.

Chujio lioshwe kwa maji ya mpira kila wiki, na mara moja kwa mwezi liloweke usiku kucha kwenye dawa yake. Kuwa na mawili hurahisisha mambo. Chujio lililoziba ndiyo sababu ya kwanza ya hita kujizima kwa kukosa mtiririko, na kosa hilo usiku wa barafu si dogo. Kina cha maji nacho kisishuke chini ya mdomo wa tundu la chujio.

Joto lisizidi nyuzi 40. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, inuka polepole kwa sababu shinikizo la damu hushuka, na usinywe pombe. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo waulize daktari kwanza. Weka mkeka usioteleza na taulo mahali mkono unapofika; hatua tatu kwenye barafu kwa miguu iliyolowa ndizo zinazovunja watu viuno.

Ukisafiri wiki mbili, shusha joto lakini usizime. Jakuzi nyingi huwasha pampu zenyewe maji yakikaribia nyuzi 7, ila ulinzi huo unategemea umeme. Mwombe jirani apite kila siku kusikiliza kama pampu inavuma.

Umeme ukikatika, acha kifuniko kimefungwa na usikifungue hata kuchungulia. Maji mengi ya moto hupoa taratibu. Yanayoanza kuganda ni yale ya mabomba madogo ndani ya kabati, hasa upande unaopigwa na upepo. Ziba upande huo kwa mablanketi kwa nje. Umeme ukirudi na ukahisi sehemu imeganda, usiwashe pampu: zima swichi kuu, fungua kabati, na uache hewa ya vuguvugu iingie polepole. Usiweke moto wala taa ya gesi karibu na plastiki. Barafu ikishayeyuka, pitisha tochi kwenye kila yunioni na chini ya pampu ukitafuta nyufa, kwa sababu bomba lililopasuka halivuji hadi barafu iliyoliziba iondoke. Pakiwa pakavu, washa kwa mwendo mdogo na ukae hapo robo saa ukiangalia sakafu ya kabati.