Droni yenye laini ya simu: tazama umeme kwanza
Wajenzi wa droni inayoongozwa kwa mtandao wa simu hapa Nairobi, fremu ya inchi 7, mota 2806.5 za KV 1300 (mizunguko kwa dakika kwa kila volti) na betri ya lithiamu-ioni 6S2P (seli sita mfululizo, safu mbili sambamba) ya seli za 21700 zinatosha kwa masafa marefu. Ila tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari na hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo msukumo ulioandikwa na mtengenezaji upunguzeni.

Kinachoangusha wengi ni modemu ya 4G, kifaa kinachobeba laini ya simu. Huvuta hadi ampea 2 kwa mpigo. Ikichangia chanzo cha volti 5 na Raspberry Pi (kompyuta ndogo iliyo kwenye droni), Pi inazima na kuwaka upya ikiwa angani. Ipe modemu rigyuleta (kidhibiti volti) yake ya ampea 3 na kapasita ya maikrofaradi 1,000. Antena yake isikaribiane na GPS.

Laini za kawaida kwa kawaida hazina IP ya umma (anwani ya kufikiwa moja kwa moja kutoka mtandaoni), hivyo pitisha MAVLink (lugha ya amri na taarifa za droni) kwenye WireGuard (VPN, njia iliyosimbwa) kupitia seva ya kukodi, PersistentKeepalive (ujumbe wa kuiacha njia wazi) ikiwa sekunde 25. Kwenye ArduPilot, programu inayoendesha droni, weka FS_GCS_ENABLE 1, data ikikatika droni irudi yenyewe. Rimoti ya redio usiing'oe: huko juu modemu huona minara mingi mno na mtandao huyumba. Kibali cha KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Kenya) nacho kitangulie, hasa ukirusha isikoonekana kwa macho.