Kupambanua si kuhukumu

Aya ya kwanza ya Mathayo sura ya 7, “Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi,” imekuwa kifuniko cha kila swali kanisani, ilhali katika sura hiyo hiyo, aya ya 15, Bwana anatuagiza tujihadhari na manabii wa uongo, jambo lisilowezekana bila kupima. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya waumini walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kukutana na Yesu. Kuyapinga mafundisho ya namna hiyo hakuwezi kuitwa kukosa upendo. Waberoya, yaani Wayahudi wa mji wa Beroya katika Matendo ya Mitume sura ya 17, waliyachunguza Maandiko kila siku hata walipohubiriwa na Paulo, na wakasifiwa kwa hilo.

Hata hivyo, nimewahi kukosea upande mwingine, na kosa hilo bado linaniuma. Katika jumuiya yetu alikuwepo dada aliyefika kila mara sala zikikaribia kwisha, akaketi karibu na mlango, kanga yake ikiwa imelowa kiunoni. Moyoni nilikwisha kumwita mvivu wa ibada. Siku nilipokwenda kwake nilimkuta akimgeuza kitandani mama yake aliyepooza, beseni la maji likiwa miguuni pake, na ndipo nilipoielewa kanga ile. Nilichokiona kilikuwa kweli, yaani alichelewa. Nilichokiongeza juu ya moyo wake sikuwa nimeonyeshwa na yeyote. Nilimwomba radhi, ingawa hakulijua kosa lenyewe, kisha nikashika upande wa pili wa shuka.