Ufa mchanga mbele ya ufa

Jamani, leo modeli yangu imenitoa kwenye kiti.

Kwa wasiojua kazi yangu: natengeneza matetemeko ndani ya kompyuta. Si nyufa za kufunguka. Ni zile ambazo pande mbili za mwamba zimebanana, kisha zinateleza ghafla, kila upande na njia yake. Msuguano ukishashuka, mpasuko unakimbia wenyewe.

Leo nikaongeza mkazo wa kuanzia (nguvu inayousukuma mwamba kabla haujateleza), kidogo tu. Mwanzoni mambo ya kawaida: ncha ya ufa inasonga, haijafikia kasi ya mawimbi ya S (yale ya tetemeko yanayoutikisa mwamba kwa upande).

Halafu mbele ya ncha, pale mwamba ulipokuwa bado umeshikana, kikachomoza kidoa chekundu.

Ufa mchanga!

Ukarefuka, ule mkubwa ukaungana nao, na mpasuko mzima ukayapita mawimbi ya S. Nyuma yake yakajipanga kabari mbili za mkazo, kama za ndege inayopita kasi ya sauti.

Mtafiti wa matetemeko, Andrews, alilionyesha hili kwa hesabu mwaka 1976, na maabara zimeshaliona kwenye plastiki. Nimelisoma weee! Kuliona likizaliwa kwenye skrini yako ni habari nyingine. (Kwenye tetemeko la Palu, Indonesia, 2018, mpasuko ulikimbia takriban kilomita 4 kwa sekunde. Leo namba ile imenitisha upya.)

Bado nakirudia kutazama kile kipande chenye kidoa.

Wenzangu mnaochunguza nyufa za zege na gundi, kwenu nyufa huruka hivi? Nitumieni picha, hata za hovyo.